Mdakaji Asiyekunywa Kahawa

Katika hospitali ya Flemingsberg, kusini mwa Stockholm, Anselmo Kagaruki, msukuma vitanda vya wagonjwa, alijulikana kwa mambo mawili: hakuwahi kugongesha kitanda ukutani, na hakunywa kahawa. La kwanza lilikuwa sifa, la pili kituko. Huko ni nchi ambayo watu huacha kazi saa tatu asubuhi, na tena saa tisa alasiri, wakakaa pamoja na vikombe vyao. Asiyekunywa kahawa hutazamwa kama mtu aliyekwenda harusini akakataa pilau.

"Lakini si kwenu ndiko kahawa inakotoka?" walimuuliza kila alipoajiriwa mtu mpya.

"Ndiyo maana nimeshiba," aliwajibu, nao wakacheka, naye akaketi na kikombe chake cha maji ya moto.

Kikombe hicho alikishika kwa mkono wa kulia bila kukibadilisha, hata kikiwa kinatoka mvuke. Wageni walidhani ni ujasiri. Haukuwa ujasiri. Vidole vya mkono ule vilikuwa na ganzi, na kila kimoja kilikuwa kimeshika njia yake. Cha shahada kilimwinamia mwenzake wa kati kama kinamnong'oneza jambo. Kidogo kilisimama pembeni, kimenuna. Mkewe, Theresia, alikuwa amekwisha kumkataza kumpa mtu yeyote chai nyumbani, kwa sababu aliwahi kumpokeza kasisi kikombe kilichomuunguza midomo, na yeye mwenyewe hakujua kama kilikuwa cha moto.

Vidole vilivunjwa na besiboli.

Alifika Stockholm mwaka 1984 kujifunza ufundi wa mashine, kwa miaka miwili, kisha arudi. Jumapili moja ya mwaka wa pili alipita kwenye uwanja mmoja upande wa kusini wa jiji, akakuta watu wanacheza mchezo asioujua. Mmoja alirusha mpira mdogo, mgumu kama jiwe. Mwingine alimngoja na rungu. Nyuma ya yule wa rungu alichuchumaa wa tatu, kavaa kinyago cha chuma, kazi yake kuudaka mpira ukimpita mpigaji. Yule wa tatu alikuwa ameumia dakika ileile na alikuwa anavua kinyago huku akisema hapana, leo basi. Mwenye klabu, mfanyabiashara wa matairi, akawageukia watazamaji akauliza kwa utani nani anathubutu.

Anselmo alikuwa golikipa shuleni. Akanyoosha mkono.

Wakamvika kinyago, wakampa glavu ya mkono wa kushoto, akachuchumaa kama mtu anayepalilia maharage. Mipira ikaja. Akaidaka. Mrushaji, kijana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Jonas, alisema baadaye kwamba siku ile alihisi anarushia ukuta.

"Huogopi?" Jonas alimuuliza walipokuwa wanafungua viatu.

"Niogope nini?"

Hakuwa anajigamba. Aliuliza kwa kweli. Alijaribu kupapasa ndani yake mahali ambapo hofu hukaa kwa watu wengine, akakuta pamefungwa, na aliyekuwa akiishi humo amehama.

Kwa hiyo akabaki. Msimu wa tatu yule mwenye matairi alianza kumlipa mshahara kila wiki, jambo ambalo klabu ile haikuwahi kulifanya kwa mchezaji yeyote, na timu nyingine zikanung'unika kwamba mchezo ni wa kujifurahisha. Hivyo ndivyo mtu wa Kamachumu, mkoani Kagera, alivyokuwa mdakaji wa kulipwa huko Ulaya ya kaskazini, wakati kwao hakuna aliyejua kama mchezo huo upo. Miaka kumi ya majira ya joto alichuchumaa nyuma ya wapigaji. Mkono wa kulia, usio na glavu, ndio uliopokea mipira iliyopotea njia. Kidole kikivunjika alikifunga na mwenzake kwa plasta akaendelea. Watu walimpigia makofi. Aliyasikia makofi yale kama mtu anayesikia mvua iko nyumba ya jirani.

Mwaka 1989 alimwoa Theresia, mwanamke mcheshi wa Mbinga aliyekuwa akihudumia wazee jijini humo. Magoti yalipokataa, aliacha mchezo, akaanza kusukuma vitanda vya wagonjwa. Jonas, ambaye sasa alikuwa mwalimu mwenye upara, bado alimwita baadhi ya Jumamosi kwenda kudaka kwa ajili ya wakongwe wenzao, na Anselmo alikwenda.

Vita vya Kagera alikwenda pia. Theresia alilijua hilo kwa sababu medali ilikuwa kwenye kopo la sindano na nyuzi. Alijua vilevile kwamba kopo likifunguliwa hakuna swali linaloulizwa. Kuhusu kahawa, Anselmo alimwambia kabla ya ndoa kwamba ana vidonda vya tumbo. Theresia akampikia uji wa ulezi kwa miaka ishirini.

*

Mwanzoni mwa Septemba 2009, Anselmo alikuwa anasukuma kitanda kitupu kwenye korido ndefu ya ghorofa ya chini, aliposimamishwa na mwanamke wa kama miaka thelathini, mwenye koti jipya na kadi ya mwanafunzi shingoni.

"Shikamoo. Samahani, wewe ni Anselmo Kagaruki, wa Kamachumu?"

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Vumilia. Ni muuguzi, nimekuja kusoma hapa." Akapiga goti kidogo, palepale koridoni, watu wakipita. "Wa Gabrieli."

Kitanda kikagonga ukuta.

Gabrieli alikuwa jirani yake na rafiki yake, na zaidi ya hayo alikuwa ndugu yake wa kuchanjiana. Jioni moja ya Desemba 1978, kabla hawajaenda kambini, mama yake Gabrieli, Gaudiosa, aliwakalisha kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni. Alipasua tunda moja la kahawa. Ndani yake huwa na punje mbili zinazotazamana. Kila kijana alichanjwa kidogo tumboni, punje ikapakwa damu ya mwenzake, akaimeza. Wakaapa kama wazee wao walivyoapa: mlango wangu hautafungwa kwako, watoto wako ni wangu, nyumba yako sitaidanganya. Nikivunja neno hili, punje hii ivimbe tumboni mwangu.

Gabrieli alikufa vitani, Machi iliyofuata. Mkewe alikuwa na mimba ya Vumilia. Anselmo aliandika barua kwenda kwa Gaudiosa, barua fupi, na katika ile barua mlikuwa na sentensi tatu kuhusu kifo chenyewe. Zote tatu zilikuwa za uongo. Tangu siku aliyoitia posta hakuweka tena kahawa mdomoni, ya kutafuna wala ya kunywa.

*

Vumilia alikuja kuwatembelea nyumbani kwao, Rågsved, Jumapili iliyofuata. Theresia alipika ndizi na nyama, akamshangaa mgeni kwa urefu wake, akamwambia majira ya baridi yakija atamfundisha kutembea juu ya barafu bila aibu. Walipomaliza kula, Vumilia alifungua mkoba akatoa kikapu kidogo cha mfuniko, kilichosukwa vizuri kama kofia. Ndani mlikuwa na kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na majani yake na kukaushwa na maganda.

"Bibi amekuletea, Baba Mdogo," alisema, akakishika kwa mikono miwili.

"Usimpe huyo, mwanangu!" Theresia akaingilia. "Ana vidonda vya tumbo. Lete kwangu mimi mwenye tumbo zima." Akachukua moja, akaitia mdomoni, akafumba jicho moja. "Mh! Na hii mnampa mgeni mnayempenda?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mnayemchukia mnampa nini, kwinini?"

Vumilia alicheka, lakini kikapu kilibaki mbele ya Anselmo. Kwao, kahawa ikipitishwa, kuikataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba hamna amani kati yenu. Anselmo akachukua punje moja. Akaifumbata. Hakuitia mdomoni, na Vumilia aliona.

"Bibi hatoki tena kitandani," alisema taratibu. "Ana miaka themanini na minne. Barua yako ameihifadhi kwenye kitabu cha sala. Haioni tena, lakini anaijua, na mimi naijua, alinifundisha kabla sijajua kusoma." Akaisema huku akitazama mikono yake: "Nilikuwa nimemshika mkono. Alisema, nisalimie mama. Nikamfumba macho."

Theresia aliacha kutafuna.

"Anataka kuongea nawe kwa simu Jumapili ijayo. Ana swali moja. Nilimwambia, Bibi, si uniambie mimi nikamuulize? Akasema halinihusu."

"Atapigiwa," alisema Anselmo.

Theresia alimsindikiza mgeni hadi kituo cha treni, na Anselmo akabaki kwenye kiti, punje ikiwa kiganjani. Alijua iko humo kwa kuiangalia tu.

*

Ilivyokuwa ni hivi. Walikuwa wametembea siku tatu na usiku wake, vinamasi upande huu na huu, na walipolala walilala wima. Siku ya nne asubuhi Gabrieli alipigwa risasi ya nyonga. Waliambiwa wakae kwenye shamba la migomba lililoachwa na wenyewe, gari la majeruhi litapita. Kikosi kikaenda. Jua lilikuwa linachoma, na kivuli cha migomba kilikuwa kizuri. Gabrieli alimwambia, "Usilale, Anselmo."

"Silali."

"Zungumza basi."

Anselmo akazungumza. Alizungumza kuhusu mpira, kuhusu goli alilookoa dhidi ya shule jirani, jinsi alivyoruka. Katikati ya hadithi, yeye mwenyewe akiwa bado hewani, akalala.

Alipoamka jua lilikuwa upande wa pili. Gabrieli alikuwa amekauka, macho wazi, na sisimizi walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao. Anselmo alijaribu kuyafumba yale macho. Yalifunguka. Akajaribu tena. Kisha gari likaja.

Hakulia. Alingoja kilio siku ile, akakingoja njiani, akakingoja walipoingia Kampala na watu wakiwarushia maua. Akaja kukingoja Stockholm. Kuna wakati mtu anayengoja treni iliyofutwa huzoea tu kusimama kituoni.

*

Wiki ile alisukuma vitanda. Saa tatu alikaa na wenzake na maji yake ya moto, punje ikiwa mfukoni. Alipanga maneno. Rahisi ni kuyarudia yale ya barua. Ni sentensi tatu tu, mtu angezisema hata amelala. Gaudiosa angeondoka nazo duniani, na nani angeumia? Uongo ule ulikuwa umemlea mtoto na kumfanya muuguzi. Ukweli ungefanya nini, zaidi ya kumwonyesha mama mzee kwamba mwanawe alikufa akiwa anaita na hakuitikiwa?

Jumamosi alikwenda kudaka. Mpira wa tatu ulimpita. Wa saba pia. Wa tisa uligonga kinyago na kuanguka miguuni, na hakuuinamia.

Jonas alikuja kutoka mahali pa kurushia, akipumua kwa nguvu. "Miaka ishirini na minne sijaona hili. Unaumwa?"

"Nafikiri."

"Unafikiri kwa kuwa unaumwa, au unaumwa kwa kuwa unafikiri?"

"Nafikiri tu."

"Basi acha. Mdakaji akifikiri, mimi naonekana nimezeeka." Akampigapiga bega. Kisha akamtazama usoni kupitia nondo za kinyago, akauokota mpira mwenyewe.

*

Jumapili saa nane mchana Vumilia aliweka simu yake juu ya meza, akafungua sauti ili isikike chumbani. Theresia alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kitambaa mkononi. Mpwa mmoja wa Gaudiosa, huko Kamachumu, alimshikia bibi simu. Palisikika jogoo, kisha pumzi.

"Shikamoo, Mama," alisema Anselmo.

"Marahaba, mwanangu. Umezeeka?"

"Nimezeeka, Mama."

"Una meno?"

"Ninayo."

"Waitu, mwanangu, ashukuriwe Mungu. Mimi nimebakiwa na moja, na lenyewe linataka kwenda kwao." Alikohoa. "Kahawa yangu ilikufikia?"

"Ilinifikia."

"Uliitafuna?"

Vumilia aliinua macho. Ndilo lilikuwa swali. Safari yote ile kuvuka bahari, na sauti ile iliyokuwa imebaki kidogo, vyote vilikuwa vya swali hilo moja, na jibu lake lilikuwa neno dogo ambalo mtu yeyote angelitoa kwa adabu tu. Anselmo alifungua kinywa kulitoa. Aliwaza migomba. Akaona hana hofu, kama siku zote, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba kutokuwa na hofu kungeweza kumsaidia kitu.

"Sikuitafuna, Mama."

"Mh. Nilijua barua ile imekonda. Mtu aliyemwona mwenzake akifa huandika mengi, au haandiki kabisa. Sasa niambie."

"Nililala."

"Sema kwa nguvu, masikio yangu hayafai."

"Nililala, Mama! Aliniambia nisilale, nikalala. Nilipoamka alikuwa amekwisha. Sikumshika mkono. Hakukusalimia. Macho yake yalikataa kufumbwa." Aliyasema yote kwa sauti ileile, kama anasoma majina ya wagonjwa kwenye karatasi.

Jogoo akawika tena kule. Theresia alikuwa ameweka kitambaa mdomoni. Vumilia alisimama, akaenda dirishani, akawapa mgongo.

"Ulilala upande gani?" aliuliza Gaudiosa.

"Nini, Mama?"

"Upande gani wake?"

Ilimbidi afikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza, wala yeye hakujiuliza. "Kushoto. Bega langu lilikuwa kwenye bega lake."

"Kushoto." Bibi alivuta pumzi ndefu. "Mtoto yule hakuweza kulala peke yake. Hata alipoota ndevu alimlazimisha mdogo wake walale kitanda kimoja. Nilikuwa nawaza shamba hilo, nawaza yuko peke yake." Mpwa akauliza kama bado wapo. "Barua yako nilikuwa naipenda, Anselmo. Umeninyang'anya. Lakini sawa. Kahawa iko wapi?"

"Ninayo hapa."

"Itafune nisikie."

Aliichukua mfukoni, imechakaa kwa kushikwa wiki nzima, akaiweka kati ya meno. Theresia alisogea, akaisogeza simu karibu na shavu la mumewe. Ganda likapasuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini chumba kizima kiliisikia. Anselmo alitafuna polepole. Ilikuwa chungu na kavu, na majani yale ya kuchemshia yalikuwa bado yana harufu ya nyumba ile. Alingoja tumbo livimbe. Alingoja pia kilio, kwa mazoea.

"Haya," alisema Gaudiosa. "Vumilia, mwanangu, vaa nguo nzito." Simu ikakatika.

Vumilia alichukua koti lake. "Miaka thelathini," alisema bila kugeuka. "Niliisoma siku ya kipaimara changu, mbele ya watu." Akavaa viatu, akashindwa kufunga kamba, akatoka hivyohivyo.

Theresia alikaa kitini kwake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo vidonda vya tumbo hakuna?"

"Hakuna."

"Miaka ishirini nakukorogea uji, Anselmo."

"Ulikuwa mtamu."

"Mshenzi wee," alisema Theresia, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kwa niaba ya nani hakusema, na Anselmo akauweka mkono wake uliopinda juu ya mgongo wake, akauacha pale.

*

Vumilia hakuja tena Rågsved. Walipokutana koridoni alimwamkia, akapita. Anselmo aliitikia, akasukuma kitanda. Saa tatu bado alikaa na maji ya moto. Wenzake hawakuona tofauti, na ukweli ni kwamba yeye mwenyewe hakuiona.

Mwishoni mwa Novemba, siku ambayo kulikucha kama hakukucha, alimkuta Vumilia amesimama mlangoni pa chumba cha vitanda. Hakuwa amevaa nguo nzito.

"Bibi amefariki," alisema. "Jana alasiri. Mpwa anasema alikuwa amemlalia begani, naye mpwa akapitiwa na usingizi."

Anselmo alizifunga breki za kitanda, gurudumu moja baada ya jingine, akatembea naye hadi kwenye meza za wafanyakazi, akamvutia kiti. Kisha akaenda mwenyewe kwenye mashine, akarudi na vikombe viwili vya kahawa. Vumilia alinyoosha mkono kupokea.

Anselmo alikizuia kimoja. Akakiinua, akakigusisha kwenye mdomo wake wa juu, akangoja.

"Ya moto," alimwambia. "Subiri kidogo."